Tulifuata Mvua, Mto Ukamchukua Mejumaa

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, ni msusi hapa Ukunda. Haya ninayowaandikia sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nisomeni kwa huruma... na mkinihukumu, nitakubali.

Tulikuwa watatu. Mejumaa, rafiki yangu tangu shule ya msingi kule Waa, Kevo, kijana wa bara mwenye gari, na mimi. Kila masika tulikuwa tukizifuata dhoruba na kuzipiga video za kuweka mtandaoni. Moja tuliyoipata Msambweni, radi ikipasua juu ya minazi, ilitazamwa na watu wengi mno. Kichwa kikanivimba! Nikataka nyingine kubwa kuliko ile.

Jumamosi moja tukaona wingu zito upande wa Kinango. Tukalifuata. Tulipofika, limesogea. Tukalifuata hadi karibu na Samburu ya hukuhuku Pwani, likasogea tena! Alasiri ikatukuta hatujapata hata tone. Jua kali, vumbi puani, maji ya kunywa yamekwisha.

"Wasee, hii siku imeenda hivyo tu. Turudi," Kevo alisema.

Mejumaa alimuunga mkono. Alikuwa amemwacha mtoto wake kwa mama yake mzazi kule Waa, na alitakiwa kumchukua jioni. Mimi nilikataa. Wingu lilikuwa mbali juu ya vilima, jeusi, umeme ukicheza ndani yake. Mbele yetu barabara ilikatiza mto mkavu. Nikamwambia Kevo asimamishe gari palepale katikati, juu ya mchanga, ili lionekane vizuri kwenye picha... Laiti ningenyamaza!

Mama mmoja alikuwa akivusha mbuzi wake. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Wanangu, ondokeni hapo. Huko juu kumenyesha. Mto unakuja."

"Mto gani, mama, na hapa pakavu?" nilimjibu huku nikicheka.

Aliwaswaga mbuzi wake mbio.

Tulipanda ukingoni sote watatu, nikatayarisha kamera. Betri ilikuwa karibu kuisha, na ya akiba nilikuwa nimeiacha garini. Ningeweza kuifuata mwenyewe. Nilimtuma Mejumaa. Hakunung'unika, aliteremka tu.

Nikasikia ngurumo. Nikafurahi, nikidhani ndiyo dhoruba yetu imefika! Kumbe ni maji...

Yalikuja mekundu, yamebeba magogo. Mejumaa alikuwa ameinama kwenye kiti cha nyuma akitafuta betri. Tulipiga kelele! Alipotoka yalikuwa magotini, mara kiunoni. Akashika mlango. "Mwanasha!" aliniita. "Mwanasha!"

Kevo alijitosa, maji yakamwangusha, akatoka akitambaa huku anatapika matope. Gari likageuka ubavu... na mlango ule ukaenda nalo.

Juu yetu mbingu ilikuwa nyeupe. Wapi mvua?

Mejumaa alipatikana kesho yake, mbali sana na pale.

Siku ya mazishi, mamake alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, alipokuita ulifanyaje?"

"Nilimkimbilia, mama. Maji yalinishinda."

Akanikumbatia. Tangu hapo hunipigia simu kila baada ya sala ya Ijumaa. "Mungu akulipe, Mwanasha, kwa kumkimbilia mwanangu."

Uongo! Sikumkimbilia. Sikuinua hata mguu. Nilisimama na kamera, nikamtazama rafiki yangu kwenye kile kioo chake kidogo mpaka akatoka kwenye picha. Kwa nini mkono wangu ulimfuata na miguu ikakataa? Sijui, wallahi sijui! Video niliifuta usiku uleule. Lakini Kevo aliniona nikipiga picha pale ukingoni, na tangu siku ile hajanisemesha.

Wasomaji wenzangu, mwenyeji akikwambia ondoka, ondoka! Usimcheke kwa kuwa hujaona tone. Mchanga mkavu usikudanganye, mvua ya mbali ina njia zake. Na ukiitaka picha, usimtume mtu mwingine ahatarishe roho yake. Zaidi ya yote, usimpe mfiwa uongo ili upate kupumua. Atakuombea dua kwa uongo huo, na kila dua itakuchoma.

Ijumaa hii ninakwenda Waa kumwambia mama yake Mejumaa ukweli. Wiki iliyopita nilifika hadi mlangoni kwake. Akatoka akitabasamu, mtoto wa Mejumaa mgongoni, akaniambia, "Karibu, mwanangu, nimekupikia"... nikaingia, nikala.