Mlango wa Tegan

Nyumba ile ya maonyesho, ya kutazamwa na wanunuzi, pembeni mwa mji wa Perth, Australia, ilikuwa na sebule, jiko na meza ya kulia, vyote uwanja mmoja bila kuta. Viatu viliachwa nje, basi Jumamosi ile soksi za watu arobaini zilikuwa zikikanyaga zulia moja. Harufu yake, mwenzangu, usiombe.

Tegan, muuguzi, aliyependeza ndani ya gauni la kitani la manjano, aliziba pua.

"Ukuta mmoja tu ungetuokoa," alinung'unika.

Kijana mrefu wa kaptula aligeuka. "Kuta ndizo ninazobomoa mimi, mrembo. Lachlan, fundi seremala."

"Basi kavae viatu kwanza, fundi."

Alicheka, na Tegan naye akacheka. Moyo hauna pua!

Mwaka haukuisha, Tegan akahamia kwa Lachlan. Lo! Nyumba nzima ilikuwa na mlango mmoja wa ndani, wa choo, nao ulitazamana na kochi. Lachlan akikaanga samaki, mto wa Tegan unanuka samaki. Akikata kucha za miguu, zinarukia mezani. Akienda haja, Tegan anasikia yote, kijiko kikiwa mdomoni. Na akitoka zamu ya usiku, alale wapi? Nyuma ya kabati la vitabu, runinga ikibwata.

"Lachie, nijengee chumba."

"Kwani unanificha nini, mpenzi?"

"Sikufichi kitu! Nimechoka kukunusa!"

Lachlan alinywea. Alidhani anayechukiwa ni yeye, akanyamaza. Tegan naye akadhani anapuuzwa, akafungasha, akaenda kwa dada yake.

Wiki ya tatu simu ikalia.

"Njoo Jumapili, mpenzi."

"Nije kunusa nini?"

"Njoo tu, nakuomba."

Alifika ametoka zamu, macho mekundu. Katikati ya nyumba ile palisimama chumba kipya, mbao zikinukia, mlango una kitasa cha shaba.

"Chako," Lachlan alisema. "Ufunguo ni mmoja, uko kwa ndani. Mimi sina."

Tegan aliingia, akafunga, akalala kwa saa tano. Lachlan alikaa sakafuni nje, hata chai hakupika.

Kitanda kilipolia, akagonga.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi. Nataka nikuoe, Tegan."

Nyayo zikasogea mlangoni.

"Kucha umekatia wapi?"

"Bustanini."

Ufunguo ukazunguka.