Askari Asiyelindwa

Matanga yalipokwisha kuanuliwa na mikeka ya watu kurudishwa, Zaitun alikuwa akifagia sebule ya marehemu kaka yake akaona askari mmoja mweupe amesogea.

"Wifi," aliita, "nani amechezea hivi vitu vya marehemu?"

Hajra alitoka chumbani taratibu. Alikuwa kwenye eda. Juu ya meza ulikuwapo ubao wa sataranji aliouchonga mumewe, Hassani, na kete zote zilikuwa zimepangwa tangu siku alipozimaliza. Sasa askari mweupe wa katikati alikuwa amepiga hatua mbili mbele.

"Labda Semeni," alisema.

"Mimi sijagusa, mama," binti yake alijibu kutoka uani. Alikuwa na miaka kumi, na hakuwa mtoto wa kusema uongo.

Hassani alikuwa seremala pale Nachingwea. Mchezo ule alifundishwa na Mwalimu Methodius, mtu wa Songea aliyekuwa akimpa kazi ya madawati, naye akamfundisha mkewe. Kete inayokwenda mshazari Mwalimu aliiita askofu. Hassani alicheka, akasema nyumbani kwake huyo ni khatibu. Jioni, kazi ikiisha, Hassani alicheza nyeupe na Hajra nyeusi, na Hassani alifungua kwa namna ileile siku zote: askari wa katikati mbele, khatibu nje mapema, kisha askari wengine wawili wakimshikilia yule wa kwanza kama kenchi zinavyoshika bati. Ni ufunguzi wanaoupenda wengi, maana ni mgumu kuvunjika.

"Wewe huchezi, unajenga nyumba," Hajra alikuwa akimtania.

"Piga hodi basi, mke wangu, uingie."

Hajra alijua mlango mmoja tu. Khatibu akitoka mapema, askari aliyekuwa akilindwa naye hubaki bila mlinzi. Alimpeleka malkia wake mweusi kumtishia askari huyo, na kila mara Hassani alisogeza malkia mweupe kumlinda. Siku moja Hajra alimuuliza kwa nini asimwache awe chambo, maana Mwalimu alisema inawezekana.

"Mitego ni ya porini," Hassani alijibu. "Wewe sikutegi."

Mwalimu alipohamishwa aliondoka na ubao wake. Hassani akaenda Mbwemkuru, akakata mti wa mpingo. Wenyeji walimwambia chini ya mti ule wazee walikuwa wakiweka unga wa tambiko. Yeye akasema mti ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu kama viumbe wengine, akabeba gogo begani. Kete nyeusi alizichonga kutoka kwenye kiini, nyeupe kutoka kwenye mti mweupe wa nje unaokizunguka. Siku alipozimaliza homa ilimshika, na mvua zile kubwa za El Nino zilikuwa bado hazijakatika alipozikwa. Hawakuwahi kuzichezea hata mara moja.

Kwa hiyo Hajra hakuogopa; aliona ni mumewe amerudi kucheza. Zaitun alipoondoka, alifuta machozi, akasogeza askari mmoja mweusi.

Kesho yake baada ya alasiri, alipokuwa akipeta mchele, alisikia harufu ya mpingo unaopasuliwa. Kisha sauti ya mti juu ya mti. Tok. Alipokwenda kutazama, khatibu mweupe alikuwa nje. Hajra akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Wifi, unacheka na nani?" Zaitun aliuliza mlangoni.

"Na kaka yako."

"Ehe! Hata kaburini hutaki apumzike, bado unataka kumfunga." Zaitun alicheka peke yake, akautazama ubao, kicheko kikamkauka.

Tangu hapo Semeni alianza kulala mchana. Kila Hajra alipojibu kwa kete nyeusi, mtoto aliamka amepauka zaidi. Akaacha kula. Mikono yake ikawa ya baridi kama mtungi.

"Nimwite Shehe Saburi," Zaitun alinong'ona. "Mtoto anakwisha huyu, wifi."

"Shehe akija ataziondoa hizo kete. Niachieni mume wangu kidogo tu."

"Mume wako yuko kaburini. Mtoto wako ndiye huyu."

Hajra alirudi kwenye ubao.

Siku iliyofuata mvua ilifunga tangu adhuhuri, na ndani kukaingia giza kabla ya wakati wake. Hajra alimpeleka malkia mweusi kumtishia yule askari, kama alivyozoea, akainama kuchochea jiko. Tok. Aliinua uso akitegemea kuona malkia mweupe amekuja kulinda, lakini malkia mweupe hakuwa amesogea. Farasi ndiye aliyetoka, akasimama pale ambapo Hassani aliweka askari siku zote. Askari wa pembeni alikuwa ameachwa peke yake.

"Chukua," sauti ilisema.

Ilitoka kinywani mwa Semeni, aliyelala mkekani macho yamefumbwa, na ilikuwa sauti ya Hassani hasa.

"Chukua, mke wangu. Hana mlinzi."

Mkono wa Hajra ulikuwa tayari umemshika malkia na kumwinua, maana sauti ile aliitamani kuliko chakula, na huku amemwinua akaona jinsi farasi yule angeruka nyuma yake na kumfungia njia ya kurudi, akahisi mti ule vidoleni ukiwa na joto kama mwili wa mtoto mwenye homa, na alipomtazama Semeni akaona mkono wa mtoto nao umeinuka kutoka mkekani bila kushikwa na mtu, ukipanda malkia alipopanda na kushuka malkia aliposhuka, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba aliyekuwa akija siku zote hizi hakuwahi kutoa salamu, wakati Hassani hata akitoka chooni tu alisema salaam aleikum kabla ya kukanyaga kizingiti.

Alimrudisha malkia mahali pake, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Hassani hakunitega hata siku moja," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe si yeye."

Kiti cha upande wa pili kililia, kama mtu mzito amejiegemeza. Harufu ya mpingo ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua.

"Zaitun!" Hajra alipiga kelele. "Mwite Shehe!"

Shehe Saburi alifika kanzu ikichuruzika maji. Alimsomea mtoto Ayatul Kursi sikioni.

"Umeingiaje nyumba hii?" aliuliza.

"Sikuingia," sauti ilijibu kinywani mwa mtoto. "Nilibebwa begani."

"Toka kwa jina la Mwenyezi Mungu."

"Zamu ni ya huyo mwanamke. Acheze mara moja tu, nitaondoka."

Hajra alimtazama Shehe. "Nicheze?"

"Usicheze, binti yangu. Mwache aingoje."

Shehe aliendelea kusoma mpaka sauti ikamkauka, mpaka Semeni akatapika maji meusi kama ya mkaa, akafumbua macho akasema, "Mama, njaa." Hajra alimkumbatia, akalia kilio ambacho hakukilia hata mazikoni.

Asubuhi Zaitun alizitia kete kwenye kiroba, ili yeye na Shehe wazirudishe kwenye kisiki kule Mbwemkuru. Hajra alibaki kwenye eda yake.

"Wifi," Zaitun alisema, mkono ukiwa bado kwenye kiroba. "Mweupe mmoja hayupo."

Walitafuta uvunguni, wakatafuta kwenye pipa la unga. Alikuwa ni yule askari aliyeachwa peke yake. Hawakumpata.

Miaka ilipita. Semeni aliolewa Ruangwa na mfanyabiashara wa ufuta, akamchukua mama yake kukaa naye. Hajra alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliicheka: mtu akipiga hodi bila salamu, hakuitika.

Alasiri moja mwaka 2008, Semeni na mumewe wakiwa mnadani, Hajra alikuwa barazani akimaliza uradi. Mjukuu wake Shadya, aliyekuwa ameanza tu kusema sawasawa, alitoka ndani akitembea kwa uangalifu, ngumi imefumbwa. Alisimama mbele ya bibi yake akaifumbua.

Askari mweupe alikuwa kiganjani.

"Umekitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Babu kanipa." Mtoto alinyoosha mkono. "Babu kasema, bibi chukua."

Hajra alishika tasbihi yake kwa mikono yote miwili. Mkono wa mtoto ulibaki umenyooshwa, haukutetemeka wala haukuchoka. Kutoka ndani, ambako hakukuwa na mtu, kiti kililia.