Zanamia na Mbuzi Asiye na Kasoro

Zanamia ilikuwa inamenya chungwa. Mrisho Kapela aliishika juu ya sahani, na kile kidude cha ukubwa wa kibiriti kikatoa ulimi mwembamba wa chuma, kikalizunguka chungwa mara moja, ganda likaanguka zima bila kukatika. Kisha kikatangaza kwa sauti ya upole kwamba chungwa lina sukari ya wastani na mbegu saba.

"Saba, Mama Tausi," Mrisho alisema. "Hebu hesabu."

Sikudhani, mkewe, hakuhesabu. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga zake za Idi, viatu miguuni, akimsubiri mwanaume huyu tangu watu watoke kuswali. Juu ya paa, ghorofa ya arobaini, mbuzi wao alikuwa amefungwa naye anasubiri. Mchinjaji wa jengo alishamaliza mbuzi wa majirani, akafungasha mashine yake na kwenda zake, maana Mrisho alikataa kuandikisha wake. Mbuzi wake angemchinja mwenyewe, kwa Zanamia. Ndiyo maana mji mzima wa Tabora ulikuwa unakula pilau, na wao walikuwa wanamenya chungwa.

Mrisho alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni vitu vya kukunjua. Kabla ya Zanamia alikuwa na droo nzima: visu vya babu zake vyenye bisibisi ubavuni, koleo zilizoficha mkasi, kadi za chuma zilizofungua makopo ambayo hayatengenezwi tena. Alipenda uzito wake kiganjani. Alipenda ule mlio wa "tak" bledi inapokaa mahali pake. Mtu mwenye zana mfukoni, alisema, hapatwi na jambo akaduwaa. Miaka ishirini na tatu Sikudhani alimngoja apatwe na hilo jambo, lakini kilichofunguliwa kila mara kilikuwa chupa ya soda.

Halafu ikaja Zanamia, zana mia ndani ya gamba moja, yenye jicho la kuona inachokikata na akili ya kuamua ikate vipi. Kuipata kulikuwa na sharti. Chini ya Sheria ya Makali, anayepewa Zanamia husalimisha kila kisu kilichomo nyumbani, kwa kuwa watu walishachoka kuchomana. Mrisho alisalimisha droo yake huku analia machozi. Siku hiyohiyo, Sikudhani akiwa msibani, alisalimisha na kisu ambacho mkewe aliachiwa na marehemu mama yake, chenye mpini wa mninga uliofungwa mpira wa baiskeli. Sikudhani aliporudi alikuta pengo kwenye ndoana ya jikoni. Hakusema naye siku nne, na Mrisho alizitumia zote nne kusoma maelezo ya Zanamia kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kama vile kuna aliyemuuliza.

"Twende basi, baba," Sikudhani alisema. "Mbuzi atakufa kwa uzee."

Walipanda mkanda-panda, ule utepe mpana unaotambaa nje ya jengo na kubeba watu kutoka ghorofa hadi ghorofa. Kila kituo utepe huzama chini ya bamba lenye meno, abiria akavuka hatua mbili, akapanda mwingine. Mrisho alikuwa amevaa kanzu mpya na shali nene shingoni, ameifunga fundo. Hata shali yenyewe ilikuwa ni ya ajabu, ya uzi usiochanika. Aliinunua kwa sababu haichaniki.

Ghorofa ya thelathini na moja aliona skrubu imelegea kwenye bamba.

"Mrisho, achana nayo."

"Dakika moja tu, Mama Tausi."

"Jengo lina mafundi wake."

Alishachuchumaa. Zanamia ikatoa bisibisi, na kweli skrubu ikaanza kukaza vizuri. Wakati huo ncha ya shali iliteleza begani, ikaingia kwenye meno ya bamba, na utepe ukaivuta. Mrisho alianguka kifudifudi. Shavu likagonga chuma, na fundo likambana kooni.

Mkanda-panda ulisimama papo hapo. "Nimesimama kwa usalama wako," ulisema. "Fundi atafika baada ya dakika kumi na nne."

Dakika kumi na nne. Sikudhani alipiga magoti, akaivuta shali, akaing'ata kwa meno. Uzi usiochanika haukuchanika. Fundo lilikuwa limekuwa gumu kama jiwe. Mrisho hakuwa na sauti tena, ila mguu mmoja uliokuwa unapigapiga sakafu, na midomo yake ilianza kubadilika rangi.

Akaiokota Zanamia. "Kata hii nguo!"

"Naona shingo ya binadamu," Zanamia ilijibu kwa upole. "Makali hayafunguki karibu na binadamu. Ungependa bisibisi?"

"Anakufa huyu! Kata!"

"Pole sana. Ninacho pia kifungua chupa na kijiti cha meno."

Sikudhani alitamani kuitupa kutoka ghorofa ile. Kitu kimebeba zana mia, na hata moja hakitoi. Aliwalaani waliokitengeneza, akamlaani na Mrisho, akamkumbuka mama yake mwenyewe aliyemwonya kwamba mwanaume wa kuchezea vitu atakuja kumchezea na maisha. Alikumbuka na zile siku nne za kununa, na sauti ya mume wake ikisoma, ikisoma, haichoki. *Kifungu cha arobaini na mbili. Katika mtindo wa kuchinja, jicho hufungwa, kwa kuwa ibada haipigwi picha. Neno la aliyeshika kisu litatosha.*

"Washa mtindo wa kuchinja," alisema.

Kitaa cha jicho kilizimika. "Jicho limefungwa. Taja mnyama."

"Mbuzi."

"Dume au jike?"

"Dume."

"Amemaliza mwaka?"

"Amemaliza, amemaliza zamani!"

"Mnyama wa Idi hatakiwi kuwa na kasoro. Je, ana kasoro yoyote?"

Sikudhani alimtazama mumewe. Kama angeulizwa asubuhi ile mlangoni, angeanza na chungwa na asingemaliza hadi magharibi. Sasa mguu ulikuwa umeacha kupiga sakafu.

"Hana," alisema, na machozi yakamtoka. "Hana kasoro hata moja."

"Mwelekeze kibla. Ni kulia kwako kidogo."

Akaugeuza ule uso, mzito mikononi mwake. Kisha akapenyeza vidole viwili kati ya shali na ngozi, kwa nguvu, ili makali yakipitiliza yaanze na yeye.

"Taja jina la Mungu."

"Bismillahi," alisema Sikudhani, na katika maisha yake hakuwahi kulisema akiwa na shida nalo kiasi kile.

Bledi ilitoka kwa ule mlio, tak, ikapita kwenye nguo kama inapita kwenye siagi. Damu ilimchuruzika kidoleni. Shali ikaachia, na Mrisho akavuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo, halafu nyingine.

"Mnyama bado anapumua," Zanamia ilisema. "Nirudie?"

Sikudhani aliifunga kwa viganja vyote viwili. Hapo ndipo alipoelewa kwamba angejibu ndiyo, ingerudia.

Mrisho alikaa kitako, shingo imevimba. Jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono aichukue Zanamia yake. Kidole chake kilipoigusa tu, ikaitambua pumzi ileile ya mbuzi, ikaiandika alama ya kidole hicho kuwa ya mnyama, ikajifunga.

"Mnyama haruhusiwi kushika makali."

"Umeiambia mimi ni nani?" Mrisho aliuliza kwa sauti iliyokwaruza.

"Nimeiambia ulivyo," Sikudhani alijibu, akamkumbatia na kulia begani kwake mpaka fundi alipofika, dakika ya kumi na sita.

Wiki mbili baadaye alikuja bwana mmoja kutoka kwa watengenezaji, mpole kama mashine zake. Alieleza kwamba katika kumbukumbu zao Bwana Kapela ni mbuzi aliyechinjwa, na kwa hiyo hakuna Zanamia itakayomfungukia tena maisha yake yote. Kusahihisha ni rahisi. Bibi aweke saini kwamba alisema uongo, nao wataziba huo ufa kwenye Zanamia zote, jicho libaki wazi hata wakati wa kuchinja.

"Na mwingine akibanwa shingo?" Sikudhani aliuliza.

"Fundi hufika, bibi. Kwa wastani, dakika kumi na nne."

"Na bila saini yangu?"

"Bila saini hatuna ushahidi wa kosa. Kumbukumbu inabaki kuwa mlichinja mbuzi."

Sikudhani alimwachia mumewe aamue. Zanamia ilikuwa mezani, inang'aa. Wiki mbili nzima alimwona Mrisho akiizungukia, akitia mkono kwenye mfuko mtupu, akiutoa. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma kwa ugonjwa wake. Mrisho aliigusa ile zana kwa ncha ya kidole, ikajifunga. Akaisukuma kwa yule bwana.

"Bwana Kapela," mgeni alisema, "una hakika? Ni saini moja tu, urudi kuwa binadamu."

"Mee," Mrisho alisema.

Mgeni alipoondoka, Sikudhani alishuka ghorofa moja moja, akagonga kwa wanawake aliowaamini, akawanong'oneza kifungu cha arobaini na mbili. Waliuliza maswali mengi, kuhusu kibla, kuhusu vidole. Aliwajibu yote, na kila mlango aliusisitizia jambo moja. Kidude kikikuuliza kama ana kasoro, usianze kufikiri.