Wimbo wa Harusi Uliovuka Mpaka

Evarista alikuwa ameshika jora la kitenge upande mmoja, na mwanamume asiyemjua amelishika upande wa pili. Muuzaji wa pale soko la Mwanjelwa akaweka mkasi chini, akangoja. Kitenge kilikuwa cha bluu chenye maua ya njano, na jora lilikuwa la mwisho.

"Dada, hiki ni cha sare ya kwaya yangu," mwanamume alisema. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Na mimi ni cha kwaya yangu ya Kihesa. Nimetoka Iringa alfajiri. Wewe umetoka wapi?"

"Hapo ng'ambo ya barabara."

"Basi rudi hapo hapo ng'ambo, kaka."

Mwanamume akacheka, akaliachia jora, kisha akalibeba begani mwenyewe mpaka stendi. Aliitwa Ambokile, mwalimu wa kwaya. Basi lilipoondoka, tayari alikuwa na namba ya simu ya Evarista, na mwaka haukuisha wakawa wachumba. Kila jioni alimpigia, akimwita sauti yangu ya kwanza, naye akijibu, "Sema, besi yangu."

Ni kwenye simu hizo Evarista alipomwimbia wimbo alioutunga wa wao kuingilia kanisani siku ya harusi yao. Ambokile akaupangia sauti nne, akaifundisha kwaya yake, ndiyo ingewaimbia. Walikubaliana usisikike popote kabla ya siku yenyewe.

Sasa, Joyness wa jirani akaolewa pale Iringa. Bibi harusi alipoingia ukumbini na gauni lake refu, spika zikafunguliwa, na Evarista akausikia wimbo wake, neno kwa neno. Mshereheshaji akasema ni wimbo mpya wa kwaya moja ya Karonga, Malawi. Evarista alitoka nje na sahani ya pilau mkononi, akapiga simu.

"Wimbo wangu umefikaje Malawi?"

Ambokile alishusha sauti. "Mpenzi, wale wageni wetu..."

"Usiniite mpenzi. Jibu."

Akaeleza. Kwaya ya Karonga iliwatembelea, na mgeni wa kwaya haondoki mikono mitupu, lazima afundishwe wimbo mpya wa kwenda nao. Siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine mpya. "Nilidhani ukishavuka mpaka, umekwenda. Sikujua watarekodi."

"Na kile kinanda kipya mlichonitumia picha yake?"

"Walituletea wao, kutushukuru."

"Kumbe uliniuza kwa kinanda."

Akakata simu, na simu za Ambokile hakuzipokea tena. Mama yake alimwambia asali, naye akasali, lakini alipochambua maharage kila kokoto aliloliokota aliliita Ambokile, kisha akalitupa mbali.

Hatimaye alikwenda kwa Damari, mwanasheria wa pale mjini, mwanamke mpole aliyemmiminia chai kwanza ndipo akamsikiliza. Evarista alisema anataka wimbo ufutwe redioni na kwenye simu za watu, huku na Malawi. Aliuliza kama sheria yetu inafika huko.

"Upo mkataba wa mataifa unaoitwa wa Berne," Damari alisema. "Sisi tumo na wao wamo. Wimbo wako ukivuka mpaka, wanaulinda kama wimbo wa mtunzi wao wenyewe, hata kama hukuuandikisha popote. Kuufuta inawezekana. Ila nani atathibitisha kwamba ni wako?"

Aliyejua ni mmoja tu. Evarista akatabasamu, na halikuwa tabasamu zuri.

"Basi Ambokile akawaambie watu wa Karonga mwenyewe, mbele yao. Mimi nitakaa niangalie."

Ambokile alipopelekewa ujumbe hakubisha. Wakakutana Karonga, kanisani kwa kwaya ile, kwenye joto la ziwa, Damari naye akiwepo. Evarista alivaa gauni jeusi na viatu virefu, kama aliyekwenda kuzika mtu. Ambokile alipoitwa mbele, hakwenda moja kwa moja. Aliona jua la dirishani linampiga Evarista machoni, akavuta pazia, ndipo akaenda kusimama.

"Wimbo niliowapa haukuwa wangu," alisema. "Mchumba wangu aliutunga kwa ajili ya harusi yetu. Nilitoa kitu cha mtu, nikapokea shukrani zake. Mwizi ni mimi, ninyi hamna kosa."

Evarista alikuwa ameingoja saa hiyo, na ilikuwa tamu kama alivyodhani. Hakuona haya kuifurahia.

Kiongozi wa kwaya, mama mmoja aitwaye Esnath, akainuka, akasema kwa Kiswahili cha mpakani kwamba walipoulizwa studio jina la mtunzi waliandika la kwaya, kwa kuwa hawakuwa na jina jingine. Kisha akamgeukia Evarista.

"Mwanangu, ukitaka ufutwe, tutaufuta leo. Tuambie tu unaitwa nani, tukuombe msamaha kwa jina lako."

Damari alikuwa ameanza kufungua mkoba. Evarista akamshika mkono.

"Naitwa Evarista. Msiufute. Uandikeni kwa jina langu, huku na kwetu."

Nje, barazani, Ambokile alimfuata. "Bado umenikasirikia?"

"Sana."

"Nikubalie nikuoe hivyo hivyo, na hasira zako."

Evarista alimtazama mpaka jasho likamtoka kijana wa watu.

"Damari ameniambia haki yangu kwenye wimbo ule ni ya maisha yangu yote, na miaka hamsini baada ya mimi kufa. Na adhabu yako ni ya muda huo huo. Kila utakapouimbisha, utaanza kwa kusema nani aliutunga na nani alimwibia. Mimi nitakaa kiti cha mbele."

"Na ukifa?"

"Utaendelea."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekubali. Sasa anza, watu wanatoka kanisani."

Ambokile akafunga kifungo cha koti, akawageukia watu, akasafisha koo.