Malizia, Nusu Yako Imo

Mniwie radhi mapema. Kazi yangu ni kuchekesha watu jukwaani, na mzimu wa leo nimejaribu kuufanyia mzaha, ukagoma. Basi nitaiharibu hadithi kadiri ya uwezo wangu.

Ilianza kwa moshi. Kwenye klabu ya karata pale mjini Gardena sigara zilipigwa marufuku zamani, lakini kila mchezaji mmoja, Delbert Yoakum, alipofikiwa na zamu ya nusu dau, kiti chake kilinuka sigara ya mnanaa. Zamu hiyo haimkwepi mtu: unaweka nusu kabla ya kuona karata, ukishaziona unaamua, umalizie dau au utupe.

Asubuhi moja alipata tisa na nne. Takataka. Alipotaka kutupa, pumzi ya baridi ikamgusa sikio la kushoto.

"Malizia. Nusu yako imo."

Akamalizia, akashindwa. Mkono wa kushoto ukafa ganzi.

"Mzee, tisa na nne?" Perlita, mgawaji karata, alimcheka. "Hizo hata mbwa wangu anatupa!"

"Rahisi hivyo niziache, dada? Nusu yangu imo."

Kicheko kikamkatika Perlita. Akainama, akinong'ona. "Hayo ni maneno ya Orville Stamps. Alikata roho kwenye kiti hicho, nusu dau yake iko mezani. Mpaka leo anatafuta wa kummalizia."

"Usinitishe, mwenzio nina presha."

"Jicho la kushoto linaona?"

Delbert akafumba la kulia. Meza nzima ikatoweka, wachezaji wakatoweka, akabaki mzee mmoja mkabala naye, kinywa wazi, moshi ukimtoka bila sigara.

"Nusu yako ameshaibeba," alisema Perlita. "Ukimalizia tena karata za ovyo, anabeba iliyobaki. Zikija, tupa. Tupa hata kama unalia."

Zamu ikarudi. Malkia wa kopa na saba ya uru: si mbaya, si nzuri, karata zile zile zinazomfanya mtu mzima ajidanganye, na moshi ukamjaa puani, na ile sauti ikatoka sasa ndani ya kifua chake mwenyewe, ikibembeleza, malizia Delbert, kidogo tu, nusu imo, na mkono uliokufa ukaanza kutambaa peke yake kuelekea kwenye vibao vya dau, yeye akiutazama kama mkono wa mtu mwingine, mpaka akaukandamiza kwa ule mzima, akazisukuma karata kwa kidevu.

"Natupa!"

Kitu kikaguna chini ya meza. Vidole vikapata joto. Delbert akainuka, akaacha hata kofia.

"Amekuachilia wewe," Perlita alimwambia. "Kiti hajakiachilia."

Na nani mjinga aliyekikalia palepale, huku akimcheka Delbert kwa uoga wake? Msinitazame hivyo. Ongeeni upande wa kulia, huku kushoto sisikii tena. Nilimalizia kwa tatu na mbili, jamani, na Orville wa watu hakufungua hata mdomo kunibembeleza.