Ua Peke Yake Halitoshi

Mpiga picha alikuwa na chumba kimoja cha kazi. Kilikuwa na pazia la buluu ukutani na kiti kilichokosa mguu mmoja imara. Watu walimwita Mzee wa Sura, ingawa hakuwa mzee. Akikupiga picha, hata wewe mwenyewe utajipenda. Alisogea karibu, akaujaza uso kwenye picha, na vyote vilivyo nyuma akavifanya ukungu. Kisha alikaa kwenye kompyuta akaongeza rangi. Chunusi zilitoweka. Maharusi walifurahi na wakwe waliridhika.

Asubuhi moja alikwenda ufukweni na maharusi. Mkewe, mshonaji, alikuwa na nguo za kumalizia, kwa hiyo kitindamimba wao akaenda na baba. Upepo ulikuwa ukivuta shela, na bibi harusi alikuwa amekwishanuna. Mtoto akamvuta baba yake suruali.

"Baba, maganda haya nini?"

"Maharage hayo, mwanangu. Ngoja kwanza," baba alijibu bila kugeuka.

Walirudi nyumbani kabla ya mchana. Mtoto hakutaka chakula. Akatapika, akatapika tena. Tumbo lilimsokota, macho yakamlegea.

"Umekula nini, mwanangu?" mama aliuliza.

"Maharage. Baba alisema maharage."

Wakambeba mtoto mbio hadi zahanati.

"Mmempa chochote?" muuguzi aliuliza.

"Nilitaka kumpa maji ya chumvi, atapike yote yaishe," mama alisema.

"Heri hukumpa. Mtoto aliyekula kitu chenye sumu hatumtapishi kwa nguvu. Anaweza kupaliwa. Dawa ni kumleta haraka, kama mlivyofanya. Sasa, alikula mmea gani?"

"Hatuujui. Uko kule ufukweni," baba alisema.

"Daktari anaanza kumhudumia, hatusubiri," muuguzi alisema. "Lakini tukiujua mmea, tutajua kama mtoto abaki hapa au aende hospitali kubwa. Wewe baba si mpiga picha? Nenda kaupige, umtumie Bibi Miche. Namba yake hii hapa."

Bibi Miche alisimamia kitalu cha miti. Alikuwa amesomea mimea, na zahanati ilimtegemea kwa mambo kama hayo.

Mpiga picha alikimbia kurudi ufukweni. Pale mtoto alipokuwa amesimama, aliona mmea wenye maua ya rangi ya waridi. Akapiga magoti. Mikono ilifanya ilichozoea: ikasogea karibu, ikajaza ua kwenye picha, ikafifisha majani. Kwenye simu akaongeza rangi kidogo, kisha akatuma na ujumbe kwamba mwanawe amekula mbegu za mmea huu.

Simu ikaita papo hapo.

"Baba, picha nzuri hii," alisema Bibi Miche. "Ningeitundika sebuleni. Lakini hainisaidii."

"Haikusaidii vipi? Ua si linaonekana mpaka vumbi lake!"

"Ua linaonekana, mmea hauonekani. Hapo pwani kuna mimea miwili yenye maua yanayofanana. Mmoja ua lake ni kubwa, wa pili ni dogo kama ukucha. Wewe umelijaza ua picha nzima. Ukubwa wake nitaujuaje? Majani umeyafanya ukungu. Na rangi hii, umeiongeza?"

"Kidogo tu," mpiga picha alinong'ona.

"Baba, mmea hauolewi!"

Siku nyingine angecheka. Leo machozi yalimtoka. "Bibi, mimi ndiye niliyemwambia ni maharage. Hata sikutazama."

"Pole, baba. Pole sana. Lawama tuziweke kando, tumsaidie mtoto," Bibi Miche alisema kwa upole. "Rudi nyuma nione mmea mzima. Unatambaa au unapanda juu ya kichaka? Kisha nipigie jani, juu na chini. Nionyeshe linavyoshikana na shina. Piga ua kwa mbele na kwa ubavu. Halafu tunda na mbegu, maana ndizo alizokula. Weka ufunguo kando nijue ukubwa. Usionje kitu, wala usijiguse macho. Ukimaliza, nawa mikono."

Alirudi nyuma, akapiga haraka, akatuma. Picha ya kwanza ikatoka na kiwingu. "Rudia," Bibi Miche alisema, "nipo." Akarudia. Mmea ulitambaa mchangani. Majani yalikuwa mapana, matatu matatu. Ganda lilikuwa nene kuliko kidole, na ndani yake mlikuwa na mbegu za kahawia.

"Afadhali!" Bibi Miche alishusha pumzi. "Huu ni wa jamii ya maharage kweli, lakini wa mwituni. Mbegu zake mbichi hutapisha na kuumiza tumbo. Niliyekuwa namwogopa ni yule mwenzake wa ua dogo. Ana vijani vidogo vingi, vimepangana pande mbili, na mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Mtoto akizitafuna, hata chache tu, zinaweza kumuua. Mpelekee daktari picha zote. Uamuzi ni wake."

Daktari alimwekea mtoto maji ya mshipa, akamlaza chini ya uangalizi. Kesho yake mtoto aliamka akaomba chai. Baba alimkumbatia akalia mbele ya watu, wala hakuona haya.

Tangu hapo, ukuta wa chumba cha kazi ulibadilika. Kando ya maharusi zilikaa picha za mimea ya ufukweni: mmea mzima, jani, shina, ua, tunda, ufunguo kando. Bibi Miche alikuja kuandika majina. Majirani walitania, "Mzee wa Sura siku hizi anaozesha majani!" Alicheka nao, kisha aliwafundisha. Hakuna mteja aliyetoka bila somo.

Mwaka haukuisha, mke wa fundi mwashi, mmoja wa wateja wale, akamkuta mwanawe nyuma ya nyumba akitafuna mbegu nyekundu. Hakupoteza muda. Alipiga picha, akamtumia Bibi Miche, akambeba mtoto kuelekea zahanati. Jibu lilimfikia njiani: "Hospitali kubwa. Msisimame popote." Mtoto alilazwa siku nyingi, na akapona.

Mama yule alikuja kumwonyesha mpiga picha picha yake. Ilikuwa imepinda. Kidole kilikuwa kimefunika pembe moja. Lakini vijani vidogo vilionekana pande mbili, na mbegu zenye doa jeusi, na ndala ya mtoto kando kuonyesha ukubwa.

"Nimeiharibu, eti?" aliuliza. "Nilikuwa nalia."

Mpiga picha aliipokea simu, akaisogeza karibu.

"Dada yangu," alisema, "mimi sijawahi kupiga picha nzuri kama hii."

Akaomba nakala. Akamshusha bibi harusi mzuri kuliko wote, akaitundika pale katikati ya ukuta, na kidole chake pembeni.