Ufunguo wa Pikapu ya Josephati

Mimi nakata funguo. Kibanda changu kipo Karatu mjini, nyuma ya stendi, na kwa miaka kumi na tisa hakuna kitasa kilichowahi kunishinda. Sijisifu, uliza mtu yeyote. Kwa hiyo nikikusimulia kilichompata dada yangu Marsela, usiniangalie kama mlevi. Nilikuwepo, na ufunguo niliukata mwenyewe.

Mumewe, shemeji yangu Josephati, alichukuliwa na maji mwezi wa nne, kwenye korongo moja la kule Baray. Alishuka kwenye pikapu yake kwenda kupima kina kwa fimbo, na kwa mazoea yake akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Yule bwana alikuwa anafunga gari hata akishuka kununua karanga. Pikapu tuliikuta ukingoni, imefungwa. Yeye hatukumpata. Padri alisoma misa bila jeneza, watu wakala, wakatawanyika, na dada akabaki peke yake katika nyumba ya mwisho kabisa, pale mashamba yanapoishia. Pikapu tuliivuta kwa kamba tukaiacha uani, uso ukitazama dirisha la chumba chake.

Miezi mitatu hakuigusa. Kisha mwanawe wa pekee, Dorkasi, anayefanya kazi Wasso, kule ng'ambo ya Ngorongoro, akapiga simu. Mimba ya kwanza, siku zimekaribia, na mumewe yuko mbali. "Mama, njoo. Naogopa kujifungua peke yangu."

Dada alinifuata kibandani siku hiyohiyo.

"Modest, nikatie ufunguo wa lile gari. Nisipokuwepo pale sitajisamehe."

Nilifika kwake asubuhi, saa moja, kuku wanaparura uani. Nilikuja na betri na mashine yangu ndogo. Nikafungua kitasa cha mlango wa dereva, nikakisoma, nikakata ufunguo kufuata kilivyo. Ukafungua mlango vizuri kabisa. Nikaingia, nikautia kwenye swichi, ukazama wote. Nikazungusha. Wapi!

Sikushtuka. Ufunguo mpya huwa na ukali wake. Nikaupitisha tupa. Nikasaga risasi ya penseli, nikapuliza ule unga tunduni. Nikauvuta nje kiasi cha unywele, nikajaribu tena. Haukuzunguka.

Basi ni loki ya usukani, nikasema. Hilo hata mwanafunzi wa udereva analijua: usukani ukijifunga, ufunguo nao hukwama, kwa hiyo unauyumbisha usukani huku unazungusha. Usukani uliofungwa hucheza kidogo halafu hugota kwenye chuma. Huu haukugota. Niliuvuta kushoto, ukaja. Nilipolegeza mkono, ukarudi. Taratibu. Nikauvuta tena kwa nguvu. Ukavutwa upande wa pili. Ulivutwa kwa upole, kama na mtu anayechukua chake.

Matairi yalikuwa yamenyooka. Gari liko tambarare. Niliinama chini ya dashibodi, sikuona kitu. Nilipoinuka nikagundua suruali yangu imelowa, maana kiti cha dereva kilikuwa kibichi chote.

Sikumwambia dada. Ningemwambia nini? Mara simu yake ikalia ndani, nikamsikia akisema "Yesu wangu!" Uchungu wa Dorkasi ulikuwa umeanza. Dada akaja mbio, akafungua mlango wa kushoto, akakaa mahali pake pa siku zote.

"Bado?"

"Bado. Mumeo hata akiwa hayupo ni mbishi," nikamtania, nikitaka acheke. "Mlikuwa mnaliwashaje hili?"

Hakucheka. "Alikuwa hawashi mpaka niseme."

"Useme nini?"

"Nikishakaa, namwambia twende. Miaka yote. Nisiposema, hata tukae mpaka jioni, hawashi."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Ningenyamaza tu. Lakini nilikuwa nimeaibika, fundi mzima, na nilimhurumia dada yangu. Nikasema, "Basi mwambie."

Akafunga mlango wake. Akatazama mbele. Akanong'ona.

"Haya, Baba Dorkasi. Twende."

Ufunguo ukazunguka. Sikuuzungusha mimi. Vidole vyangu viliufuata tu.

Injini ikawaka, na mimi mjinga nikashangilia! Nikaruka chini, nikakimbilia sebuleni kumchukulia begi, ili yeye ahamie upande wa dereva aende zake Wasso. Kuendesha alikuwa anajua, Josephati alimfundisha. Nikiwa ndani nikasikia mlango wa dereva ukifungwa. Nilipotoka na begi, uani kulikuwa na vumbi tupu.

Nikajiambia ni haraka ya mama. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikatembea na lile begi hadi njia panda, pale lami inapopanda kwenda geti la Ngorongoro na barabara ya vumbi inaposhuka Baray. Nikamkuta Lengai, mwendesha bodaboda tunayefahamiana naye siku nyingi.

"Fundi, dada yako kashuka Baray sasa hivi. Nimempungia mkono, hata hakunitazama."

"Baray? Anakwenda Wasso yule!"

"Kashuka Baray." Akasita, akapunguza sauti. "Ila alikuwa amekaa kushoto."

"Na usukani kashika nani?"

Lengai akawasha pikipiki, akaizima, akaiwasha tena. "Jua lilikuwa linapiga kioo, fundi. Usiniulize."

Alinipeleka. Pikapu tuliikuta ukingoni mwa korongo, palepale pa mwanzo. Imefungwa. Ndani hakuna mtu. Hakuna ufunguo. Korongo lilikuwa kavu, mchanga mtupu. Nyayo za dada zilianzia mlango wa kushoto, pekupeku, zikashuka mchangani. Hatua saba. Zikaisha. Tuliita mpaka sauti zikakauka.

Saa kumi Dorkasi akapiga. Alijifungua peke yake, mtoto wa kike. "Mjomba, mama amefika wapi?" Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia kama mtoto.

Tulimtafuta wiki mbili, vijiji vizima. Siku niliyorudi kufungua kibanda, kufuli langu halikuwa limeguswa. Juu ya mashine zilikuwepo funguo mbili. Mmoja ule niliokata mimi. Mwingine wa zamani, una kutu, na ubavuni una pengo alilolitia Josephati kwa kufungulia soda. Zimefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge cha dada, na lile fundo nalijua, ndilo alilokuwa akifungia magunia ya mahindi.

Nimezitia kwenye droo, juu ya gazeti. Kila wiki Dorkasi ananisihi: "Mjomba, kata ufunguo mwingine, ulete gari, nije na mtoto tumtafute mama." Namjibu kwamba kile kitasa kimenishinda. Analia, nami nakata simu, nabaki na mashine yangu. Siwezi kumpa ufunguo unaosubiri mtu akae kushoto aseme twende.

Gazeti la droo nalibadilisha kila asubuhi. Nalikuta limelowa.